Kwa mdogo wangu, kuhusu lile neno la mwaloni

Mdogo wangu, mwangaluka.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu nyumbani kila nikianza unasema "kaka, ule ulikuwa utani," unachukua koti unatoka. Jina lako silitaji.

Juma lile, pale mwaloni, ufukweni mnakoshushia dagaa, mbalamwezi ilikuwa imejaa. Taa zenu hazivuti dagaa kukiwa na mwanga wa mwezi, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imelala mchangani na nyinyi mmekaa juu ya nyavu, hamna cha kufanya ila kuongea. Yule kijana akapita na beseni kichwani, anamsaidia mama yake kuanika. Kuanika dagaa ni kazi ya wanawake, ndivyo tulivyozoea, ila mama yake hana binti na mgongo umemkataa. Ukamwita shoga. Watu wakacheka. Nami nilikuwepo, nimekuja kununua debe moja, na nilitabasamu. Hilo naliandika ili usidhani nakusema nikiwa juu ya mnazi.

Neno lenyewe lina vituko. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Alipokuja kututembelea Kirumba, hapa Mwanza, alimwita jirani "shoga yangu" mbele ya vijana wa bodaboda, wakaangua kicheko, yeye akabaki anashangaa. Kwao pwani shoga ni rafiki wa mwanamke mwenzake, wa kusukana na kutoleana siri. Sijui lilipopanda treni kuja huku bara liliumwaga wapi urafiki wake. Hayo mengine mnayotupiana, msenge na bwabwa, hayana hata kwao kuzuri.

Baada ya siku ile watoto wa shule nao walilidaka. Kijana akaanza kukaza sauti, anaongea kama mtu mwenye mafua. Mpirani akaacha kuja. Beseni akawa analibeba alfajiri, kabla hamjatoka. Halafu usiku mmoja wakamvizia njiani, wakampiga, wakachukua simu, na walipokuwa wanampiga walikuwa wanatumia neno lako lile lile. Sisemi uliwatuma.

Nilimwambia twende polisi. Akaniuliza, "Nikaseme walikuwa wananiitaje?"

Nilikosa jibu. Unajua kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume cha maumbile: kifungo cha maisha, na hakipungui miaka 30. Ni kweli sheria inaadhibu tendo, haimwadhibu mtu kwa kuitwa jina. Lakini umesimama kaunta usiku, damu puani, nani atakutenganishia hayo mawili? Na unakumbuka mwaka 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga. Serikali ilisema ni maoni yake binafsi, sawa, lakini hiyo sehemu ya pili vijiweni haikufika. Kilichofika ni kwamba mtu anaweza kutajwa. Basi aliyeibiwa akakaa kimya, na walioiba wanatembea na simu yake hadi leo.

Utaniuliza, kwani si kweli yuko hivyo? Sikumuuliza. Hata ingekuwa kweli, simu ni yake na pua ni yake.

Ila nikuulize na mimi. Siku ile mlikuwa kumi na mbili juu ya zile nyavu. Mmoja hakucheka. Aliinama akawa anafunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. Wewe ulikuwa unawatazama wanaocheka, hukumwona. Unalala naye mtumbwi mmoja, mnagawana ugali, na tangu hapo kila ukifungua mdomo yeye anasikiliza kama mtu anayesubiri radi.

Kijana wa dagaa amehamia Ukerewe kwa mjomba wake. Mama yake anaanika peke yake, anapumzika kila baada ya beseni mbili. Namba ya kijana ninayo. Ukiitaka uje uniombe mwenyewe, usimtume mtu.