Rehema, usilifunge hilo dai

Rehema mwenzangu,

Mama mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari wa pili. Sisi hatujambo. Kikohozi cha mtoto kimepungua, Mama Salma bado yuko kwetu na bado anapanga vyombo upya kila asubuhi. Hayo tutayaongea siku nyingine. Nimeamka usiku huu kukuandikia kwa sababu ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila ukifika pale unaposema "nafikiri nitalifunga tu, muuzaji mwenyewe anaonekana mstaarabu," roho inaniuma. Ningekujibu kwa sauti, lakini nikianza kusema nitalia, nami nataka upate maneno unayoweza kuyarudia kesho kichwa kikiwa kimetulia.

Usilifunge dai, Rehema. Kama usingizi umekushika, soma hilo tu ulale.

Hivi ndivyo nilivyokuelewa, unisahihishe. Uliagiza kwenye soko la mtandaoni mashine ya kumpimia mama presha, ile ya mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, ukachagua na mkanda mpana kwa sababu mkono wake ni mnene. Umeletewa ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kama saa. Ulipofungua dai hukohuko sokoni urudishiwe pesa, muuzaji akakujibu kwamba "zote zinapima presha." Akasema atakurudishia robo ya pesa, ubaki na mashine. Kisha akasema ulifunge dai kwanza ili mfumo umruhusu kukulipa, na akakutumia namba yake mhamishie mazungumzo huko. Ndivyo? Basi hayo yote nimeshaambiwa mimi, karibu kwa maneno hayohayo.

Nianze na hilo la "zote zinapima presha," maana limenikera kuliko yote. Ndiyo, zinapima. Lakini ile ya kifundoni inataka mkono ushikwe usawa wa moyo muda wote wa kupima. Ukiulaza mapajani, namba inapanda bila ugonjwa kupanda. Na mama anavyosinzia kwenye kiti, nani atamshikia mkono asubuhi na jioni? Hata hizo za juu ya kiwiko, mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba zinatoka kubwa kuliko ukweli. Ndiyo maana uliambiwa utafute mpana. Namba hizo unazipeleka kwa daktari, naye anazitazama anapoamua dawa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba umeletewa kitu kilekile kwa umbo tofauti. Umeletewa kitu kingine, na kwa kazi uliyokinunulia hakifai.

Hilo lina maana kubwa hata kwenye fomu yenyewe ya dai. Tazama sababu uliyochagua. Masoko mengi huweka sababu kadhaa, na mbili watu huzichanganya: "nimebadili mawazo" na "bidhaa si kama ilivyoelezwa." Ukichagua ya kwanza, mara nyingi nauli ya kurudisha mzigo inakuwa juu yako, na muuzaji anaweza hata kukataa. Ya pili ndiyo yako. Kama ulibonyeza ya kwanza kwa haraka, irekebishe kesho asubuhi ikiwa bado wanaruhusu, na kama haiwezekani waandikie wahudumu wa soko uwaeleze.

Sasa nikuambie habari ya ile diski ya kuhifadhia mafaili. Unajua niliinunua, mwisho wake sikukuambia, sikumwambia hata Juma mpaka alipouliza mwenyewe.

Niliinunua kwa ajili ya mambo ya baba. Picha zake zote, na zile sauti nilizomrekodi miezi ile ya mwisho akisimulia alivyokutana na mama. Simu ilikuwa imejaa. Tangazo lilisema terabaiti 2. Nilipoichomeka, kompyuta ikaonyesha terabaiti 2 kweli. Nikahamisha kila kitu, nikafungua mafaili matatu manne ya mwanzo, yakafunguka vizuri, nikafuta kwenye simu. Siku ya tisa nikataka kumsikia baba. Jina la faili lipo, tarehe ipo, ukubwa upo, lakini sauti hakuna. Nikajaribu nyingine. Hakuna.

Kijana wa kwa Juma ndiye aliyeifungua ganda. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, imegandishwa kwa gundi kwenye kibao cha saketi. Gigabaiti 64 tu, sehemu ndogo sana ya zile terabaiti 2. Alinieleza kwamba chipu inayoisimamia imepangwa iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Unapoandika, inapokea. Nafasi ya kweli ikijaa, inaandika juu ya vilivyotangulia au inavitupa tu vinavyokuja, na huku orodha ya majina inabaki safi. Ndiyo maana majina yote yalikuwepo. Kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya, hakusaidii kitu. Njia ya kuijua ni kuijaza yote kisha kusoma kila kilichoandikwa. Kuna programu za bure za kazi hiyo, H2testw na F3, na kwa diski ya mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde, kujaza terabaiti 2 peke yake huchukua zaidi ya saa 18. Tangu hapo sihamishii kitu kwenye diski mpya kabla haijamaliza mtihani huo.

Nilikuwa bado na muda. Soko lilinipa siku 15 tangu kupokea mzigo, nami nilifungua dai siku hiyohiyo ya tisa. Muuzaji akanijibu ndani ya saa moja, kwa upole wa kupendeza. Pole nyingi. Akaniambia niifomati tena, nisubiri siku mbili. Nikasubiri. Akanipa asilimia 30. Nikakataa. Ndipo akasema atarudisha zote, ila dai likiwa wazi mfumo unamzuia kulipa, na kwamba kazi yake iko hatarini, ana watoto. Tukahamia kwenye simu. Siku ya 13 nikalifunga. Akanishukuru sana. Sikumsikia tena mpaka leo.

Dai likifungwa na mnunuzi mwenyewe, pale niliponunua halifunguki tena. Mnunuzi kwa mkono wake ameliambia soko kwamba mambo yamekwisha, na pesa zilizokuwa zimeshikiliwa zinamwendea muuzaji. Nilikwenda benki, maana nililipa kwa kadi, kuomba malipo yarudishwe. Wakataka mazungumzo. Mazungumzo yalikuwa kwenye simu, na yeye alikuwa ameshafuta nusu. Wakataka picha ya mzigo ulivyofika. Boksi nilikuwa nimelitupa. Halafu wakauliza kwa nini nililifunga dai mwenyewe, nikakosa la kusema.

Picha kadhaa nilizipata kwa dada, zile nilizowahi kumtumia. Sauti hazikupatikana.

Basi ukisikia nimekazana na jambo la kitufe kimoja, ujue ninasimama wapi.

Najua utaniambia huyu wako huenda ni mkweli, amekosea kufunga mzigo. Inawezekana kabisa, na hilo sikukatalii. Watu wanapakia mamia ya vifurushi, lebo zinabadilishana, na dai lililo wazi linaweza kumharibia muuzaji mzuri alama zake. Lakini mkweli ana njia ya kukulipa dai likiwa wazi: anabonyeza kukubali, soko linarudisha pesa, dai linajifunga lenyewe. Hana haja ya wewe kutangulia. Anayekuambia mfumo hauruhusu mpaka ufunge, mjibu kwa adabu, hukohuko ndani ya soko: "Nashukuru. Tafadhali kubali dai, nami nitathibitisha pesa zikifika." Usiongeze neno. Na hiyo namba yake ya simu iache. Wahudumu wa soko wakija kuamua, wanasoma kilichoandikwa kwenye soko lao. Mliyoongea pembeni ni kama hamkuyaongea. Yale mliyokwisha kuandikiana kwenye simu, yapige picha za skrini leo kabla hayajafutwa, zikionyesha tarehe, uziambatanishe.

Kuhusu hiyo robo. Ukiikubali, mara nyingi inahesabiwa kwamba mmemalizana. Ingekuwa kikwaruzo kwenye ganda ningekuambia chukua, ubaki na mashine. Kwa hii usichukue hata nusu. Mama haihitaji robo ya mashine.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, toa dakika 20. Piga picha ya lebo ya nje ya kifurushi ikiwa na jina, namba ya ufuatiliaji na uzito ulioandikwa, maana uzito peke yake unaweza kuonyesha kwamba kilichotumwa si kile ulichoagiza. Piga boksi, mashine, namba ya modeli nyuma yake, na mkanda. Kisha lipige picha tangazo lenyewe, mpaka chini kwenye maelezo, kwa sababu wauzaji huyabadilisha maelezo baada ya kulalamikiwa. Rekodi video fupi moja, bila kukata, ikianza na lebo na kuishia na mashine. Maelezo ya dai yawe mafupi: niliagiza hii, nimeletewa hii, tofauti ni hizi, naomba pesa zote. Usiandike hasira, ingawa unayo haki. Msomaji wa upande ule huenda ana madai mengi ya kusoma na lugha yako anaisoma kwa mashine ya tafsiri, kwa hiyo sentensi fupi zinakusaidia.

Na mama asiitumie. Irudishe ndani ya boksi na plastiki zake.

Wakiamua mzigo urudishwe, tuma kwa anwani itakayotolewa na soko tu, si ile atakayokuandikia muuzaji, na utume kwa njia yenye ufuatiliaji. Risiti ya posta ihifadhi, ipige na picha kwa sababu wino wake hufutika. Kuna siku za kurudisha pia, nazo zinahesabiwa. Kama nauli ya kurudisha inakaribia bei ya mashine, usilipe kimyakimya. Waandikie kwamba kosa ni la muuzaji na uombe alipe yeye au pesa zirudi bila mzigo kurudi. Mimi hilo lilikubaliwa kwa ile taa ya kusomea iliyokuja na plagi isiyoingia popote. Dai nililiacha wazi siku tisa, muuzaji akanisihi mara nne, nikamjibu sentensi ileile mara nne, na pesa zikarudi zote. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba ningefanya hivyohivyo kwa ile diski.

Jambo moja la mwisho kuhusu siku, kwa sababu ulisema una "wiki kadhaa, si sheria?" Sheria zipo, lakini hazifanani. Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa nyingi anazonunua kwa mfanyabiashara, hata bila sababu. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukataa kitu chenye kasoro na kudai pesa zake zote. Marekani mwenye kadi ya mkopo ana siku 60 tangu atumiwe taarifa ya malipo yenye kosa ili aandikie kampuni ya kadi. Lakini muuzaji akiwa nchi nyingine, ni kazi kumfikia kwa sheria. Kinachokufikishia pesa haraka ni saa ya soko lenyewe, ile inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa oda. Itazame hiyo. Iandike ukutani. Na ikibaki siku mbili bila muuzaji kukubali, bonyeza pale pa kuwaita wahudumu waingilie; usiwasubiri waje wenyewe.

Sasa nijibu, hata kwa kifupi, hata usiku. Mzigo ulifika tarehe gani hasa, na saa ya oda inasema zimebaki siku ngapi? Ulibonyeza "nimepokea na nimeridhika," au bado? Ulilipa kwa kadi au kwa simu? Boksi unalo? Nakuomba usiniambie mmelichoma na taka. Muuzaji amekuandikia tena tangu jana? Na mama anapimwa wapi kwa sasa, mnampeleka zahanati au mmeacha mpaka hili liishe? Kama mmeacha, Mama Salma anasema atakuletea ya kwake Jumapili, ina mkanda mpana, kaeni nayo mpaka yenu ifike. Nimwambie ndiyo?

Wako akupendaye,
Tatu