Kutoka Jerusalem hadi Jericho: barua kwa walimu wa shule ya Jumapili

Wanangu walimu wa watoto, hasa ninyi mliochukua darasa mwaka huu mkiwa bado vijana,

Bwana asifiwe.

Jumapili iliyopita niliketi kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha. Mliniamkia vizuri, kisha mkaendelea na kazi. Watoto walikuwa zaidi ya arobaini, wengine wamebebana mapajani kwa kukosa nafasi, na ninyi mkafundisha kwa moyo, jasho nililiona. Katika saa moja mliwapitisha Uumbaji, Nuhu na safina, Amri Kumi zote, mstari wa kukariri na maswali ya zawadi. Watoto walipokuwa wakitoka nilimshika mkono msichana mmoja wa miaka kama saba, nikamwuliza, "Mama, leo mmesoma nini?" Akafikiri, akaniambia, "Tumesoma vitu mingi." Nikamwomba anitajie kimoja. Akaangalia viatu vyake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Naiandika wazi ili hata walimu wa Kayole, wa Kibra, wa Githurai na kwingineko waisome, maana najua mzigo huu si wenu peke yenu. Mimi nimefundisha watoto huku Eastlands miaka 38, na nimekosea mengi kabla ya kujifunza machache.

Chukueni hadithi moja. Moja tu kwa Jumapili. Isimulieni yote, polepole, kisha mtoto atoke na jambo moja ambalo mikono yake mwenyewe inaweza kulitenda kabla Jumapili nyingine haijafika. Hilo ndilo naliita somo rahisi. Mtoto wa miaka sita hawezi kubeba neno "uadilifu," lakini anaweza kumrudishia mwenye duka chenji iliyozidi.

Sisi wa mitaa hii ya Jerusalem na Jericho, hapa Nairobi, tuna baraka ambayo walimu wengi duniani hawana. Tunaishi ndani ya majina ya Biblia. Mtoto wetu akisikia "Mtu mmoja alishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko," anaijua Jerusalem na anaijua Jericho. Ametumwa maziwa kutoka moja hadi nyingine. Mara ya kwanza niliposoma Luka 10 darasani, kijana mmoja aliinua mkono akauliza yule mtu aliporwa upande gani, ni karibu na soko? Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia, kwa kuwa niliona tayari ameingia ndani ya hadithi na anatembea. Nikamwambia, tuseme ni karibu na soko. Nani alipita kwanza?

Baadaye, wakishaishika, waelezeni barabara yenyewe ya kule. Yerusalemu iko juu mlimani, mita kama 750 juu ya usawa wa bahari, na Yeriko iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200. Ni mteremko wa kilomita 25 hivi kupitia jangwa na mawe, mahali pa kujificha wanyang'anyi. Kwa hiyo Yesu aliposema "alishuka," kila aliyemsikia aliihisi njia ile magotini. Mwalimu akilijua jambo kama hilo, hata sauti yake hubadilika anaposimulia.

Lakini hadithi hii ilinifundisha mimi kabla sijaweza kuifundisha vizuri. Ilikuwa Januari 2008, wakati wa zile vurugu za kikabila baada ya uchaguzi. Wengine mlikuwa watoto wachanga, wengine hamjazaliwa. Darasa langu la watoto thelathini na kitu lilibaki na kumi na mmoja; familia nyingine zilikuwa zimehama usiku, nyingine zilikuwa zinaogopa kutoka nje. Nilikuwa nimeandaa Msamaria mwema. Nilipofika mahali Msamaria anaposimama, msichana mmoja akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Msamaria ni kabila gani?"

Hakuna mtoto aliyecheka. Wote kumi na mmoja waliniangalia.

Miaka yote nilikuwa nimewaambia watoto kwamba Msamaria ni "mtu mwema," basi. Asubuhi ile nikafungua Yohana 4:9 nikawasomea kwamba Wayahudi hawachangamani na Wasamaria. Nikawaambia, Msamaria ni yule ambaye nyumbani kwenu wamesema usile kwao. Tukakaa kimya kidogo. Kisha nikawapa jambo moja la kufanya: wiki hii, fanya kitu kimoja kizuri kwa mtoto ambaye siku hizi huchezi naye. Jumatano mama mmoja akaja mlangoni kwangu, hajui kama akasirike au alie. Mwanawe alikuwa amegawa chapati yake katikati, akaifunga nusu kwenye karatasi ya daftari, akapeleka kwa jirani ambaye wazazi walikuwa hawasalimiani tangu Desemba. Na jirani alikuwa ameipokea. Wanangu, makongamano ya amani nimehudhuria, lakini nusu ya chapati ile ndiyo ninayoikumbuka.

Sasa Zakayo, yule mtoza ushuru, naye pia ni mtu wa Yeriko. Kila darasa linampenda kwa sababu ya mti. Watoto wanapanda viti, wanacheka, wanaambiwa washuke, na somo linaishia hapo chini ya mkuyu. Mnawanyima kiini. Kiini kiko mezani, pale Zakayo aliposimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Fanyeni hesabu hiyo na watoto. Wekeni shilingi 5 mezani kisha muulize, ukiiba hii, Zakayo angerudisha ngapi? Watoto wa Nairobi wanajua hesabu ya pesa kuliko tunavyodhani, na ile shilingi 20 inawashangaza. Niliwahi kuwafundisha hivyo, na mama mboga wa hapa nje akanieleza kwamba kijana mmoja alimletea nyanya nne kwa moja aliyoichukua wiki nyingine. Mama huyo alipokea moja, akamrudishia tatu.

Najua pia kwamba tangu mwaka 2023, na hasa Juni 2024, jina la Zakayo limekuwa jina la siasa hapa kwetu, la kumtania Rais Ruto kwa ajili ya kodi, na watoto wamewasikia watu wazima wakimwimbia ashuke. Mtoto akilitaja darasani msimfokee, wala msifanye darasa kuwa mkutano wa hadhara. Mwambieni Zakayo wa Biblia alishuka kweli, tena alishuka haraka, na kitu alichofanya baada ya kushuka ndicho tunachosoma leo. Kisha endeleeni na shilingi 5 yenu.

Naingia katika jambo linaloniuma, na hili ni kosa langu mwenyewe. Zamani tulipokuwa tukikusanya sadaka ya watoto, niliwapanga kwenye mstari mbele ya kikapu, na aliyetoa noti alipigiwa makofi. Niliona ni njia ya kuwatia moyo. Siku moja nilikuwa nimesimama karibu na kikapu, nikamwona mvulana mdogo wa sweta la kijani, mkono wa kushoto umefumuka. Alikuja amekunja ngumi. Aliiingiza ngumi ndani kabisa ya kikapu, akaifungua humo humo chini, akagusa sarafu za wenzake ili zilie, akautoa mkono mtupu. Akarudi kukaa. Hakuwa na kitu. Alikuwa amejifunza kwangu, kanisani, namna ya kudanganya ili asiaibike.

Nilienda nyumbani nikasoma Marko 12, yule mjane na senti zake mbili, na nikaona kwamba Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina akitazama, na aliyemwona ni yule ambaye wengine hawakumwona. Mimi nilikuwa nimeketi mahali pale pale nikiwatazama wenye noti. Tangu siku ile kikapu changu hukaa mlangoni, mtoto anaweka akiingia au haweki, na hakuna anayeangalia. Nawasihi, ondoeni makofi ya sadaka. Na zile zawadi za anayekariri haraka, zipunguzeni pia. Yule anayeshindwa kusoma anahesabu kila peremende inayompita.

Kuhusu kuwatisha watoto kwa moto, nitasema kwa kifupi. Mtoto anayeacha kusema uwongo kwa sababu ya hofu ataurudia siku hofu ikiisha. Yesu alipowakasirikia wanafunzi wake katika Marko 10 ni kwa kuwa waliwazuia watoto wasimfikie. Msiwe nyinyi mnaozuia.

Na sasa Samueli, ambaye naomba mumfundishe angalau mara moja kila mwaka, na mumfundishe mpaka mwisho. Tunapenda kuishia pale mtoto anaposema, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Lakini someni 1 Samweli 3 yote. Ujumbe ule ulikuwa mzito, ulihusu uovu katika nyumba ya Eli mwenyewe, mtu mkubwa aliyekuwa akimlea. Samweli akaogopa kumwambia. Alilala hadi asubuhi na jambo lile kifuani, akaamka akafungua milango kama kawaida. Na Eli, pamoja na udhaifu wake wote, alifanya jambo moja sawasawa: alimwita mtoto, akamwambia asimfiche neno, akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakumpiga.

Kuna watoto darasani mwenu wanaolala na mambo kama hayo. Waambieni wazi kwamba mtu mzima akikutendea vibaya, hata akiwa wa kanisa, hata akiwa ndugu, Mungu anataka useme, na mimi nitakusikiliza. Mtoto akisema, msimnyamazishe kwa ajili ya jina la kanisa. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, ni bure, hupokewa usiku na mchana. Iandikeni ukutani kwa herufi kubwa karibu na mstari wa kukariri. Na ninyi wenyewe, mwalimu asibaki peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa. Wawili kila darasa, mlango wazi. Najua walimu ni wachache. Afadhali tuunganishe madarasa.

Lugha msiiogope. Biblia tunayosoma, ile ya 1952, ina Kiswahili kitamu ambacho mtoto wa hapa hakisikii popote pengine. Msomeeni mstari kama ulivyo, masikio yake yauzoee, halafu msimulie kwa maneno ya mtaani kwake. Akikujibu kwa Sheng, pokea jibu. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mwaka huo huo kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na alipomzika mkewe na mtoto wao mchanga muda mfupi baadaye hakuiacha kazi hiyo, kwa sababu alitaka watu walisikie Neno kwa lugha ya kinywa chao. Jina la Rabai alikoishi ndilo hilo hilo la Rabai Road ya huku kwetu. Waambieni watoto siku mkipita hapo.

Tena kumbukeni kazi hii ilianza kwa ajili ya nani. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti mjini Gloucester huko Uingereza, alianzisha shule yake mwaka 1780 kwa ajili ya watoto waliofanya kazi siku sita na kuzurura ya saba. Alianza kwa kuwafundisha kusoma. Shule ya Jumapili ilizaliwa kwa ajili ya watoto wasiokuwa na nguo za Jumapili. Kwa hiyo mtoto wa kuokota chupa za plastiki akichungulia mlangoni na gunia lake, gunia likae ndani pamoja naye, asije akaibiwa huku akisikiliza habari za Yesu.

Kwa wazazi nina neno moja, na mlifikishe ninyi. Saa moja ya Jumapili haiwezi kumlea mtu. Kumbukumbu la Torati 6 inataja mahali pa kufundishia: uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hakuna darasa hapo. Timotheo aliipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mzazi anayerudi saa tatu usiku amechoka na matatu na foleni ya Jogoo Road hataweza kuhubiri, lakini anaweza kuuliza swali moja tu wakati wa kula: "Mwalimu alikupa kazi gani wiki hii?" Mkiwapa watoto jambo moja, swali hilo litakuwa na jibu.

Jumamosi hii nitakuwa nyumbani kuanzia saa nane mchana. Njooni wote. Kila mmoja awe ameisoma Luka 10:25 hadi 37 mara tatu, asije na karatasi. Mtanisimulia mmoja mmoja, nami nitaketi chini kwenye mkeka kama mtoto wa miaka saba na kuuliza kila swali ambalo watoto wameniuliza kwa miaka hii 38, pamoja na lile la kabila. Chai itakuwepo. Anayeweza kupita sokoni aniletee unga wa ngano kilo mbili, nitapika chapati.

Ni mimi nyanya yenu,
Jericho, Nairobi