Friza tunaachiwa, fedha za kuzitunza hatupewi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia. Ile ripoti yenu juu ya ushirikiano wa kimataifa katika utafiti wa VVU na UKIMWI ndiyo iliyonitoa kimya. Mlisema nchi zinazoendelea zimejengewa uwezo, mkaweka picha ya maabara mpya iliyojaa mashine zinazong'aa, basi. Nani atazilipia matengenezo mradi ukifungwa? Swali hilo halimo, na ndilo linaloamua kama ule ni ushirikiano au ni kuazimwa chumba.

Zile friza za pichani ni za nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya namna hiyo kwa kawaida ina kompresa mbili: ya kwanza huipoza ya pili, na ya pili ndiyo hushusha baridi hadi inakotakiwa. Ikifa moja, nyingine haiwezi peke yake. Kinachoziua ni mambo madogo. Vumbi hujaa kwenye chujio lisilosafishwa. Chumba hukosa kiyoyozi, joto likapita nyuzi 30, kompresa zikafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Mpira wa mlango huota barafu, hewa ya nje ikapenya. Betri ya king'ora nayo huchoka baada ya miaka michache, na isipobadilishwa hakuna atakayejua friza imepata joto mpaka mtu afungue mlango.

Kwenye maabara ninayofanyia kazi mambo hayo yalitokea. Mradi ulikuwa umefungwa, mkataba wa matengenezo ukafungwa nao, wabia wakahamia kwingine. Kompresa ikafa mwisho wa wiki. Fundi anayetambuliwa na mtengenezaji hayumo nchini. Kumleta ni nauli, posho na kipuri, na hakukuwa na kasma ya kulipia hata kimojawapo. Ndani mlikuwa na plazima, yaani majimaji ya damu, na chembe nyeupe za damu za watu waliojitolea, wakarudi kliniki miadi baada ya miadi kutolewa damu. Plazima ikiyeyuka ikakaa kwenye joto, vinasaba vya virusi huvunjika, na kipimo cha wingi wa virusi hakiaminiki tena. Chembe zina shida zaidi. Hutengwa saa chache tu baada ya damu kutolewa, hugandishwa polepole, nyuzi 1 kwa dakika, kisha hutakiwa zihamie kwenye naitrojeni ya kimiminika. Zetu zilikuwa bado kwenye friza kwa sababu naitrojeni ilikoma kununuliwa fedha zilipokwisha. Zikipata joto, ile kemikali ya DMSO inayozikinga zisipasuliwe na barafu ndiyo inayoziua. Tuliziteketeza. Zilizosalimika ni zile zilizokwisha kusafirishwa ng'ambo, nazo hatuwezi kuzigusa bila kuomba ruhusa kwa kamati ya huko, kana kwamba damu hiyo ilitoka kwao.

Tatizo hili lina mzizi unaojulikana, na umo kwenye bajeti. NIH, taasisi kuu ya Marekani ya utafiti wa afya, kwa miaka mingi imezilipa taasisi za nje asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za utafiti kama fedha za uendeshaji, na bei ya vifaa haiingizwi kwenye hesabu hiyo. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani kwenyewe vimekuwa vikipatana viwango vinavyofika asilimia 50 na kuzidi. Fedha za uendeshaji ndizo umeme, dizeli ya jenereta, mhasibu, mlinzi, bima, fundi wa friza. Na kwa kuwa vifaa havihesabiwi, mbia akileta mashine za mamilioni, mwenyeji haongezewi hata senti ya kuziendesha; anaongezewa ankara ya umeme. Halafu mwenyeji akishindwa, ripoti ya mwisho ya mradi inaandika kwamba taasisi ya huku ina udhaifu wa kiutawala! Mwaka 2025 tuliona jinsi kamba hii ilivyo nyembamba. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje mwezi Januari, na huko Afrika Kusini wanawake waliokuwa wakijaribu pete ya uke ya kuzuia mimba na VVU wakaitwa watolewe pete zao, jaribio likiwa katikati. Mpango wa BRILLIANT wa chanjo ya VVU, ulioongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe, nao ukakatiwa fedha. Nani awalinde washiriki iwapo mfadhili ataondoka ghafla?

Na tukiwa hapo hapo, dawa zenyewe. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani juu ya maadili ya utafiti, linataka ipangwe kabla ya jaribio kuanza jinsi washiriki watakavyoendelea kupata tiba iliyowafaa. Sindano ya lenacapavir ya kuzuia VVU, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati matokeo yalipotangazwa mwaka 2024. Jaribio lililofuata liliwahusisha watu wa Brazil, Mexico, Peru na Argentina. Leseni za kutengeneza dawa hiyo kwa bei nafuu zilipotoka Oktoba mwaka huohuo, zilihusu nchi 120, na hizo nne hazimo. Mtu anafaa kuchomwa sindano ya majaribio, kisha nchi yake inaonekana tajiri mno isiweze kuuziwa kwa bei nafuu. Mimi hili linaniumiza kuliko friza.

Muhuri wa kamati za maadili, zinazoidhinisha utafiti, unatosha kubadilisha haya. Usigongwe mpaka iambatishwe risiti, si ahadi, ya mkataba wa matengenezo uliolipiwa miaka mitano baada ya mshiriki wa mwisho kumaliza. Stoo iwe na chujio, betri za king'ora, mpira wa mlango na kompresa moja ya akiba, na mafundi wawili wa nchini wafunzwe na mtengenezaji kabla friza haijawashwa. Fedha za uendeshaji ziwe asilimia ileile kwa pande zote mbili. Kuhusu sampuli, kila damu igawanywe kwenye vichupa vyenye namba: witiri visafiri, shufwa vibaki, na rejista kamili ya nani ni nani ibaki kwa mwenyeji. Mbia asiyetaka hayo akatafute washiriki kwao.

Mtaalamu wa maabara,
Msomaji wenu wa siku nyingi