Kwa nini tunakutoza 30,000 ya kusikiliza mlio wa taiming cheni

Wiki iliyopita mama mmoja wa Njiro, hapa Arusha, alitusema kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwao. Aliandika kwamba gereji moja ya Sakina imemtoza 30,000 kwa kufunga bolti moja. Ni kweli, bolti ilikuwa moja. Ila hadithi hakuimaliza, na kwa kuwa tangu hapo wateja watatu wamenirushia maneno hayohayo, acha niimalizie mimi.

Gari yenyewe ni Toyota IST, zile za mwanzo zenye injini ya 1NZ. Asubuhi ukiiwasha inacheketa kama kopo lenye misumari kwa muda mfupi, halafu kimya. Fundi wa kwanza aliisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema taiming cheni hiyo, yaani cheni ya ndani ya injini inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, akamtajia 450,000: cheni, tenshena ya kuikaza, oili na ufundi. Mama akaja kwetu kutafuta bei ya chini. Tukamwambia aiache gari ilale hapa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Ilale kwa nini? Kwa sababu mlio wa cheni ni mlio wa asubuhi. Tenshena ya injini hizi inasukumwa na presha ya oili. Gari ikilala, oili nyingi inashuka kwenye sampu, lile beseni la chini ya injini. Ukiwasha, inachukua muda kidogo presha kufika, na katika muda huo cheni iliyolegea inapiga reli zake za plastiki ndani ya kava. Ukiniletea gari saa nne, umeiendesha kutoka Njiro na imeshapata moto, mimi nasikiliza nini? Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha inaifanya oili iwe nzito zaidi, ndiyo maana miezi hiyo simu za "fundi, cheni inalia" hazikatiki.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chalii wangu akapiga stata. Mimi niko kwenye injini na bisibisi ndefu, ncha iko kwenye kava ya taiming, mpini uko sikioni. Kwenye kava, shwari. Nikasogeza kwenye oltaneta, shwari. Nilipoinama upande wa egzosi ndipo nikaupata. Nikalikandamiza lile bati la kukinga joto kwa mpini wa nyundo, mlio ukakata. Nikaachia, ukarudi. Bolti yake moja ilikuwa imeliwa na kutu. Injini ya baridi inakuwa na sailensi ya juu, yaani inazunguka kasi hata hujakanyaga mafuta, kwa hiyo bati linatetemeka. Ikipata moto sailensi inashuka, bati nalo linatanuka na kukaza, kimya. Linaiiga cheni mpaka fundi mzoefu anaingia mkenge.

Mama alilipa 30,000 badala ya 450,000, na bolti tulimpa bure.

Nami nimewahi kuingia mkenge huo, tena mbele ya mwenye gari. Miaka ya nyuma nilifungua Vitz ya mzee mmoja wa Tengeru, nikatoa kava, nikapima cheni: nzima. Reli nazo hazijalika hata nusu milimita. Kumbe alikuwa amefungiwa filta ya oili ya bei rahisi. Ndani ya filta nzuri kuna kimpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Cha ile kilikuwa kigumu kama kadibodi. Nilifunga injini kwa silikoni yangu na siku mbili zangu, sikumdai ufundi. Tangu siku hiyo hatugusi kava kabla ya kuangalia stiki ya oili, kubadili filta, na kuiwasha injini sekunde chache feni belti ikiwa imetolewa, tujue kama mlio ni wa wota pampu au oltaneta. Halafu mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Ikitoa kodi P0016, maana yake krenki inayozungushwa na pistoni na kamshafti inayofungua valvu hazipatani tena, na hapo hatubishani na mtu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Mtu akishasikia mlio, wa kwanza kumwendea siyo fundi, ni muuza oili. Anaambiwa weka oili nzito ya 20W-50, ongeza na kile kichupa cha dawa, itanyamaza. Na kweli inanyamaza! Oili nzito inakawia kushuka na inakuwa kama godoro kati ya cheni na reli. Lakini injini hizi za VVT-i, zinazobadili muda wa valvu kwa presha ya oili, zina njia nyembamba na chujio ndogo sana, kitabu chake kinataka oili nyepesi kama 5W-30. Asubuhi ya baridi ile nzito ndiyo inachelewa kabisa kufika kwenye tenshena. Cheni inaendelea kulika, wewe husikii.

Kijana mmoja wa teksi wa Mbauda tulimwambia mwezi wa tano: cheni yako imekwisha, 420,000 na kila kitu. Akaona tunampiga. Akaenda kumwaga oili nzito, akapata wiki tano za kimya. Taa ya injini ilipoanza kuwaka aliibandika plasta, hiihii ya kidonda, nimeibandua mwenyewe. Siku anatoka Usa River na abiria, cheni ikaruka meno, valvu zikakutana na pistoni. Tulitoa silinda hedi, valvu sita zimepinda. Jumla 1,380,000, na siku tisa bila kupeleka hesabu kwa bosi wake. Alilipa kwa mafungu, na mpaka leo tukikutana barabarani hapigi honi.

Wengine wanakubali kazi ila wanataka nusu: cheni mpya, tenshena ileile. Juzi tumefungua Raum tukakuta mtu ameweka washa mbili, zile pete za chuma za bolti, nyuma ya tenshena ili ifike. Jamani! Cheni haivutiki kama mpira. Kila pini na kibushi chake vinalana, hasa oili ikiwa chafu, kila kiungo unywele mmoja, na vikijumlishwa vyote cheni inakuwa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani. Oili iliyoila cheni imeila na tenshena. Tunafunga cheni, tenshena na reli zote mbili, au hatufungi.

Najua wengi mlianza na Starlet au Corolla 110 za belti, mkazoea kubadili kila kilomita 100,000, kisha mkahamia kwenye cheni mkaambiwa haibadilishwi. Haina tarehe, ni kweli, na ikipata oili safi inaenda mbali sana. Ila IST yako umeinunua kwa mtu wa tatu. Kile kikaratasi cha oili kilichoning'inia kwenye boneti, una hakika kiliandikwa baada ya oili kubadilishwa kweli?

Bei ya kupima haishuki. Ukitengeneza kwetu tunaikata kwenye ufundi. Ukienda kwingine tunakuandikia tulichokiona, mwonyeshe fundi wako. Kazi ya cheni ni siku mbili, siyo kwamba tunalala: silikoni ya kava inataka kukauka, na ikipakwa kwa pupa inameguka ndani na kuziba chujio ya pampu ya oili.

Gari ije jioni kabla ya saa kumi na mbili, funguo ziandikwe kwenye daftari. Ukitaka kuusikia mlio mwenyewe, uwe hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na usimwambie mlinzi akuwashie kwanza ipate moto.