Wanafunzi wa udaktari wafundishwe pia yaliyotokea Sese

Mhariri,

Mwanafunzi wa udaktari hapa nchini anamjua mbung'o, anavijua vimelea vya malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na mwenye kumbukumbu nzuri atakutajia David Bruce na Robert Koch, watafiti wa mwanzo wa ugonjwa huo. Muulize wagonjwa wa Koch walifanyiwa nini, atabaki anakutazama. Simlaumu. Nimefundisha matabibu miaka mingi, na mtaala niliokabidhiwa ulikuwa huohuo: kimelea, dalili, dawa, basi.

Mwaka 1906 Koch, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alipiga kambi kisiwani Bugala, katika visiwa vya Sese, Uganda. Malale yalikuwa yakifyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria; waliokufa katika mlipuko ule wanakadiriwa kuzidi 200,000. Wagonjwa walimiminika kwake, zaidi ya elfu moja. Tezi za shingo zilizovimba zilichomwa sindano, majimaji yakapelekwa kwenye hadubini. Kisha atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu: nusu gramu leo, nusu gramu kesho, na baada ya siku kumi tena. Vimelea vilitoweka kwenye damu, halafu vikarudi. Koch akapandisha dozi hadi gramu nzima, na hapo baadhi ya wagonjwa wakapofuka wasione tena. Dozi kubwa aliiacha. Dawa yenyewe hakuiacha.

Upande wetu wa ziwa Wajerumani walifungua kambi za malale, zikiwemo za Shirati na Kigarama, kwa sindano ileile. Watu walitoroka, na ni nani asingetoroka? Ni huku huku daktari Mjerumani, Friedrich Karl Kleine, alikothibitisha, mwaka 1909, kwamba kimelea hukomaa ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ugunduzi mkubwa, sibishi.

Wala si mambo ya kale tu. Melarsoprol, dawa nyingine ya malale iliyoanza kutumika 1949, nayo ina aseniki, na kwa miaka mingi ndiyo waliyopewa wenye malale yaliyofika ubongoni, huku ikijulikana kuwa takriban watano katika kila mia wangeuawa na dawa yenyewe. Dawa mbadala, vidonge vya feksinidazoli, kwa aina ya malale ya huku kwetu Afrika Mashariki imepata kibali juzijuzi tu, baada ya majaribio ya Malawi na Uganda.

Ombi langu ni dogo. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na UNESCO iliziorodhesha mwaka 1997 katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Vyuo vya afya vikae na walimu wa historia, yanayohusu tiba yatafutwe humo na kutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha somo la maadili ya utafiti lianzie hapo badala ya kuanzia Ulaya kila mwaka. Vipindi viwili vinatosha. Wakisema ratiba imejaa, waniite niwaonyeshe pa kupunguza.

Mkufunzi mstaafu,
Musoma