Mume Ameridhia Kope, Pua Nimwambieje?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Ilala, nina duka la nguo za kike Kariakoo. Nimeolewa na nina watoto watatu. Mume wangu si mlevi, hanipigi, na kama ana mchepuko basi anaujua yeye na Mola wake. Shida yangu iko usoni, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Nataka kwenda Uturuki kufanyiwa upasuaji wa kope na wa pua. Habari ya kope mume wangu anaijua na ameiridhia. Habari ya pua haijui. Wakala anataka kianzio kabla ya mwisho wa mwezi, na hapo ndipo nilipokwama.

Nianze na kope, maana ndizo nyepesi kueleza. Upande wa baba yangu sote tuna kope nzito. Babu nilimkuta akisoma gazeti huku kope moja ameinyanyua kwa kidole. Zangu zilianza kushuka nikiwa na thelathini na kitu. Wateja wakawa wananiuliza, "Dada, umelala?" ilhali niko macho tangu alfajiri. Mwanzo nilicheka nao. Baadaye nikaanza kuendesha gari nimekunja paji la uso, jioni kichwa kinagonga, na taa za barabarani pale Fire sizioni mpaka ninyanyue kidevu.

Daktari wa macho aliniweka kwenye mashine ya kupima upeo wa kuona. Unatazama katikati, ukiona kinukta cha mwanga popote pembeni unabonyeza kitufe. Nikabonyeza weee, nikajiona nimefaulu. Kisha muuguzi akachukua plasta nyembamba, akazivuta kope zangu juu na kuzibandika kwenye paji la uso, tukarudia. Shangazi, kumbe juu kule kote kulikuwa na vinukta! Daktari akaziweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza sehemu yote ya juu ilikuwa nyeusi, ya pili nyeupe.

Akanieleza kwamba kope hushuka kwa njia mbili: ama ngozi imezidi ikalala juu ya jicho, ama msuli unaoinua kope umelegea, na tiba zake hazifanani. Yangu ni ngozi. Hukatwa kipande, pakashonwa kwenye mkunjo wa kope ambako kovu hujificha, na nyuzi hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Hatari zake alinitajia bila kuzungusha: macho kuwa makavu, kope kutofunga vizuri ngozi ikikatwa kupita kiasi, na kwa nadra sana damu kuvujia nyuma ya jicho na kuleta upofu.

Mume wangu hakuwa na neno. Alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akajibiwa kuwa tiba ni tiba. Kwa hiyo kope zina baraka za nyumba nzima, hata mama mkwe ananiombea dua.

Sasa pua.

Sitakudanganya kwamba nililia utotoni kwa kutaniwa. Nilitaniwa kama wote, na wenye masikio makubwa walitaniwa kuliko mimi. Pua yangu siichukii, na pua ya Kizungu siitaki. Nataka matundu yapungue kidogo na ncha isimame kidogo, basi. Nimesomesha wadogo zangu, nimemjengea mama, kodi ya fremu nailipa bila kuombwa mara mbili. Mwisho wa mwaka tulivunja kikoba, nikapata fungu langu, na nimeamua lile fungu liwe la pua. Nikiliandika hivi naona linavyosikika. Lakini watu wanakopa kununua gari la kwenda kukaa nalo foleni Mandela, na hakuna anayewaitia kikao cha ukoo.

Wazo lenyewe nilipewa na uwanja wa ndege wa Istanbul. Huwa nakwenda huko kufuata mzigo, Laleli na Merter. Pale uwanjani huwezi kukaa nusu saa hujaona wasichana wenye plasta ngumu puani, chini ya macho pamevilia damu, wanakunywa kahawa zao bila wasiwasi. Na wanaume waliofungwa utepe kwenye paji la uso, kichwa chekundu kimejaa vitundu, wametoka kupandikizwa nywele. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Nikasema moyoni, kumbe mtu anafanya na bado anapanga foleni kama kawaida.

Wakala nimeunganishwa na mfanyabiashara mwenzangu. Yuko huko huko na Kiswahili anakijua. Ofa yake ni pua na kope kwa pamoja, nusukaputi moja, dola 4,500, ndani yake hoteli kwa usiku tano na gari la kukupokea. Ukitaka pua peke yake bei inashuka kidogo sana, yaani kope ni nyongeza kama ya muuza nyanya.

Na hapa ndipo panaponinyima usingizi. Daktari wangu ameshaniambia kwamba kope zangu zinafanyika hapa hapa Dar, kwa ganzi tu, na siku hiyo hiyo narudi nyumbani. Za Uturuki za nini? Mume wangu hajui kuwa nina njia hiyo. Nilimwambia nitazifanyia Istanbul kwa kuwa safari ya mzigo ipo, akaona ni akili, hakuuliza zaidi. Shoga yangu ananishauri nikaze hapo hapo: "Kope zitangulie, pua ifuate nyuma. Ukirudi unasema daktari kashauri vyote pamoja, nani atabisha?" Mtu mwenye plasta katikati ya uso anafichaje chochote, hilo shoga yangu hajanieleza.

Usidhani nimekurupuka. Nilimtafuta pia daktari wa masikio, pua na koo, akaniambia mambo ambayo wakala hajawahi kuyagusa. Ngozi ya pua za wengi wetu ni nene, na gegedu la ncha, ule mfupa laini, ni dhaifu. Ukipunguza tu, pua haichongoki. Mara nyingi daktari hulazimika kuongeza gegedu, alitoe kwenye ukuta wa ndani wa pua, sikioni au ubavuni, ili ncha ishikilie. Plasta ngumu hukaa kama wiki moja. Uvimbe mwingi hupungua katika wiki za mwanzo, lakini umbo lenyewe husubiriwa mwaka mzima, na kwa ngozi nene hata zaidi. Isipokupendeza, kurudia nako kwa kawaida kunangoja huo mwaka uishe.

Halafu akanishika sikio. Nilipotoboa tundu la pili, kovu liliota likawa donge gumu, mpaka leo nalifunika na mtandio. Akasema kope ni nadra kuota makovu ya namna hiyo, ngozi yake ni nyembamba. Ila kupunguza matundu ya pua kunataka kukata pale chini ambapo bawa la pua linakutana na shavu, na mwenye historia kama yangu ni lazima daktari wake ajue kabla hajashika kisu.

Nikalipiga picha sikio langu, nikamtumia wakala. Nikamwomba na jina la daktari atakayenipasua, na cheti ambacho Wizara ya Afya ya Uturuki huzipa hospitali na mawakala wanaoruhusiwa kupokea wagonjwa wa kutoka nje. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Usijali mpenzi, daktari wetu ni bingwa, utakuwa mrembo balaa." Akafuatisha vimoyo vitatu. Cheti sijakiona, jina sijapewa. Picha za kabla na baada ninazo nyingi kwenye simu, na katika zote hakuna pua hata moja iliyoanza kama yangu.

Na hizo siku zenyewe hazikai sawa. Hoteli ni usiku tano, plasta inatoka karibu siku ya saba, na ushauri wa kawaida ni kwamba aliyepasuliwa usoni asubiri siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda ndege. Hadi Dar ni kama saa saba za kukaa kitini, na damu kuganda miguuni ni hatari inayojulikana kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Nikamuuliza wakala, akasema wengi wanarudi nayo plasta na kuibandua nyumbani. Ataibandua nani, mimi na shoga yangu kwa maji ya uvuguvugu? Daktari wa hapa aliniambia wazi kwamba likitokea la kutokea, wengi wao wanasita kugusa kazi ya mwenzao wasiyoijua. Akanisisitiza nisitoke huko bila ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Mzigo nao? Baada ya pua hutakiwi kubeba kizito wala kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na miwani yangu ya kusomea haitakiwi kukalia pua. Mimi ndiye ninayekagua na kufunga marobota kwa mikono yangu. Kwa hiyo hata hiyo hadithi ya safari moja kazi mbili niliyompa mume haishiki.

Kumwambia ukweli nimejaribu kwa mbali. Nilimuuliza, je, mtu akirekebisha pua kwa kupenda tu, bila ugonjwa? Akanisomea aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, inayotaja kubadilisha alivyoumba Mwenyezi Mungu. Sikubishana naye, mimi si msomi wa dini, na neno hilo linanigusa kweli. Nimeshafikiria mpaka udhu, kwamba wiki nzima maji hayatapanda puani, nitapangusa juu ya plasta. Lakini Shangazi, mume huyu huyu, nilipomsimulia wale wanaume wa uwanja wa ndege, alinyamaza kidogo, akapapasa upara wake, akauliza, "Wanachukua kiasi gani?" Nilipomtajia akasema, "Mbona si nyingi." Aya ya nywele naisubiri mpaka leo.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenikata maini. Yeye na mimi tuna pua moja, ya mama yetu. Akaniambia, "Dada, ukiiondoa yako, mimi nabaki na nini usoni, kosa?" Nilimfokea. Baadaye nilipotulia nikaona sina jibu la kumpa. Siamini kwamba nimepewa kazi ya kuibeba pua ya ukoo mpaka kaburini. Ila nina binti wa miaka 13 naye anayo, na yeye hajaniuliza kitu bado.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kope zimesamehewa kwa sababu ni ugonjwa. Mwanamke akiumwa, watu wanachanga. Akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, kwa pesa yake, anaanza kutafuta ugonjwa wa kukisingizia. Na mimi sasa nina ugonjwa wa kweli, unao karatasi mbili za hospitali, na nashawishika kuutumia kama baibui la kufunikia pua.

Naomba unishauri. Njia ya kwanza: nizifanyie kope hapa Dar, kwa ganzi, mume akiwa amekaa nje kwenye benchi, niachane na ofa. Zikipona ndiyo nimkalishe nimwambie pua naitaka, na nitafute hospitali inayonipa jina la daktari na cheti chake, niende safari isiyo na marobota, nikae mpaka plasta itolewe na aliyeiweka. Tatizo, nikimuuliza hivyo wazi atakataa. Akikataa, nitakuwa nimeomba ruhusa na kunyimwa, na kwenda baada ya hapo ni vita. Njia ya pili ni ya shoga yangu, unaijua.

Je, pesa ya kikoba changu na uso wangu vinahitaji ruhusa ya mume, au vinahitaji taarifa tu? Na kama ni taarifa, inatolewaje kwa mtu mwenye aya mkononi, bila kumtajia upara wake? Huo nautunza, lakini najua siku nikiutoa tutanuniana mwezi mzima. Na mdogo wangu nimwambie nini?

Tafadhali usiniambie nijikubali nilivyo. Hilo nimeambiwa na kila mtu, hata muuza mitumba wa jirani ambaye hakuulizwa. Jina langu usilitoe, andika tu Mfanyabiashara wa Ilala, na ukiweza nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, wakala asije akaniongezea vimoyo.