Kamal Jumblatt anastahili zaidi ya mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Hapa Tabora, chini ya mwembe wa kijiwe chetu, tunapokezana gazeti lako moja hadi kurasa zinalegea. Kila habari za Lebanon zinapomgusa Kamal Jumblatt, anaitwa "kiongozi wa Wadruzi" (jamii ndogo ya kidini ya huko) na maelezo yanaishia hapo, jambo linalonisikitisha sana.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Moukhtara, katika milima ya Chouf. Baba yake aliuawa yeye akiwa mtoto mdogo, ndipo mama yake, Nazira, akashika uongozi wa ukoo kwa miaka mingi (mama huyo naye anastahili makala yake). Ingawa alirithi ardhi na ukubwa, mwaka 1949 Jumblatt alianzisha Chama cha Kisoshalisti cha Maendeleo, akapinga mfumo wa kugawa vyeo kwa madhehebu, ambao humpa Mkristo wa Kimaroni urais, Msuni uwaziri mkuu na Mshia uspika, na kumfungia Mdruzi milango hiyo hata awe hodari namna gani.

Tarehe 16 Machi 1977 alipigwa risasi akafa akiwa garini, njiani milimani, karibu na kwao. Baada ya hapo Wakristo wa vijiji vya Chouf, wasio na hatia, waliuawa kwa kisasi. Hilo nalo lisifichwe. Mwanawe Walid alishika nafasi yake, na mwaka 2017, mbele ya umati, akamvika mwanawe Taymour kitambaa cha Kipalestina mabegani, ishara ya kumkabidhi uongozi.

Naomba mtuandikie habari hizo kwa kirefu.

Mwalimu mstaafu,
Tabora